Upande wa Ukuta

Rumaisa alilijua gari lile kabla halijasimama, na alilijua kwa viti vyake. Kupitia upenyo wa pazia aliona ile rangi nyekundu iliyokolea kama maji ya rosela. Ngozi bandia ile aliikata yeye mwenyewe, kwa mkasi wa dukani kwao, huku mnunuzi amesimama mbele ya meza akijifanya anatazama kipimo, kumbe anatazama vidole vinavyopima.

Benzi nyeusi, ndefu, ya mtindo wa zamani, ilikuja polepole kwenye kichochoro chao cha Mengo, Kampala, kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga nguo yake. Ikasimama mbele ya ngazi. Upande wake wa kushoto, ule uliotazama nyumba, uling'aa hata mtu angeweza kujifungia kilemba kwa kujitazama mlangoni. Upande wa kulia haukuonekana. Huko ng'ambo palikuwa na ukuta mrefu wa shule, na ukuta hauna macho.

"Njoo uone," mama yake, Bi Ruqayya, alisema nyuma ya bega lake. "Si ulisema wewe hutaki mtu mwenye makuu? Haya, makuu yamekuja yenyewe."

"Nimeona, Mama."

"Umeona, halafu unanuna. Yule wako wa Naguru angekuja na nini? Spana?"

Rumaisa alilirudisha pazia. Mbele ya mama yake alikuwa amejifunza kunyamaza kama mtu anavyojifunza kushona: taratibu, na bila kujichoma.

Yule wa Naguru aliitwa Oloya. Mtoto wa askari, amezaliwa na kulelewa kwenye nyumba za polisi juu ya kilima, baba anasali Ijumaa na mama anakwenda kanisani Jumapili. Kazi yake ilikuwa kuunda magari ya kuigizia katika yadi moja ya Kansanga, ambako tamthilia za televisheni zilipigwa picha. Ukimpa gari la Corona lililochoka atakutolea benzi ya zamani, gari la polisi la miaka ile, hata gari la wagonjwa. Rumaisa alipomtaja nyumbani, mara moja tu, Bi Ruqayya aliweka chini kijiko na kusema maneno ambayo mtaa mzima uliyarudia baadaye:

"Dini nusu, Kiswahili nusu, na magari nusu. Huyo mtu siku ya harusi atakuja na mguu mmoja."

Na kuhusu magari hakukosea. Siku Oloya alipompeleka yadi kumwonyesha kazi yake, Rumaisa alilizunguka gari na kubaki mdomo wazi. Upande wa kushoto ulikuwa benzi. Upande wa kulia ulikuwa kidonda: bati la kijivu, mabaka ya puti ya kuzibia matundu, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya, na palipotakiwa kioo pana karatasi ya nailoni. Mafundi walikuwa wameandika mlangoni kwa chaki: KAMERA ISIJE HUKU.

"Mbona hukumaliza?" alimuuliza.

"Kamera haiendi huku," Oloya alijibu. "Nimalizie nani?"

"Mimi nimekuja huku."

Akamtazama, mikono imejaa vumbi la puti. "Basi kale," alisema, lile neno la Kiganda la kukubali. "Siku moja nitamalizia wewe."

Na sasa gari lile lile lilikuwa mlangoni kwao, na aliyeshuka kutoka kiti cha nyuma, kwa upande unaong'aa, hakuwa Oloya.

*

Mansur alishuka kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Kanzu nyeupe, koti la kijivu, viatu vilivyochongoka mbele. Watu wengi wa Mengo walimfahamu usoni, kwa sababu katika tamthilia ya jioni alicheza tajiri mwenye wake watatu na huzuni moja. Alikuja na shangazi yake, Bi Nusura, mwanamke mzito na mpole aliyebeba sinia lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani ya sinia palikuwa na vya posa: manukato, tende, vitambaa vya hariri, na pete katika kisanduku chake.

Waliowapokea walikuwa Bi Ruqayya na Ami Jibril, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Rumaisa, mwalimu wa madrasa ambaye ndevu zake zilitangulia kila mahali alipoingia.

Rumaisa akaleta chai. Alivuka mlango kichwa kimeinama, sinia la vikombe mkononi, vikombe vya bibi yake vyenye maua ya buluu, ambavyo hutoka kabatini kwa Idi na kwa posa tu. Alikuwa hajafika katikati ya chumba aliposikia sauti ya Mansur.

"Samahani. Ingia tena."

Watu wakamgeukia.

"Vipi, mwanangu?" Ami Jibril aliuliza.

"Ingia tena, bibie, kama hutajali. Mwanga ulikupata vizuri sana pale mlangoni." Mansur aligeuka kwa Bi Ruqayya akitabasamu. "Ni mazoea ya kazi, mama. Jicho halilali."

Bi Ruqayya alicheka, kicheko cha mwenye nyumba asiyejua kama ametukanwa. Rumaisa hakuingia tena. Aliweka vikombe mezani, kimoja kimoja, na alipoinama mbele ya Mansur aliinua macho akamtazama. Lakini Mansur hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama mlango. Mlango wa zamani wa mbao zilizochongwa, ambao babu wa babu yake Rumaisa, mfanyabiashara aliyetoka pwani na misafara, aliuagiza kabla ya nyumba yenyewe kujengwa. Kutoka mlangoni macho ya Mansur yalipanda kwenye dari, yakashuka ukutani, yakapima baraza. Kisha yakarudi kwa Rumaisa, yakampima vivyo hivyo.

Loo, aliwaza. Huyu hakuja kuposa mtu. Amekuja kutafuta mahali pa kupigia picha.

"Nyumba kama hii hazipo tena Kampala," Mansur alisema. "Mimi na Rumaisa tukijaliwa, tamthilia nzima nitaihamishia hapa. Sebule hii hii. Mama atakuwa anakaa pale, dirishani."

"Nikifanya nini?" Bi Ruqayya aliuliza.

"Akiwa amekaa tu, mama. Ana sura ya kukaa."

Bi Nusura alikohoa ndani ya kikombe chake.

"Na dereva?" Bi Ruqayya alisema haraka, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza. "Mmemwacha juani. Hakupewa hata maji."

"Mwache, mama. Dereva tu huyo. Wamezoea."

"Kwetu hakuna dereva tu. Mtu amefika mlangoni kwangu, atakunywa. Rumaisa, hakikisha anapelekewa."

Jikoni hakukuwa na mtu wa kutumwa. Rumaisa alimimina chai ya tangawizi katika kikombe cha maua ya buluu, akatoka kwa mlango wa pembeni, akazunguka gari, akaingia katika nafasi ile nyembamba kati ya bati na ukuta.

Oloya alikuwa ameketi mbele ya usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje, ovaroli yake imefungwa mpaka shingoni kama mtu aliyejaribu kupendeza akakosa vifaa. Alipomwona alisimama upesi hata akajigonga kichwa.

"Ruma."

"Chai yako, dereva."

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Ndani wanasema dereva tu. Nimekuja nje, nimekuta dereva tu."

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. 

"Mimi sikujua ni kwenu," Oloya alisema. "Waliniambia Mansur anataka gari na mtu wa kuendesha, kwa sababu hii gia inasumbua, mtu mwingine hawezi. Nikafikiri ni picha. Tulipopinda pale kwa duka yenu ndiyo nikajua."

"Ukajua."

"Nikajua."

"Ukafanya nini?"

Oloya alitazama ndani ya kikombe.

"Nakuuliza, ulipojua, ukafanya nini?"

"Nikaegesha."

"Upande gani?"

Oloya alikunywa funda moja.

"Sema, fundi. Upande gani umeuweka kwa mama yangu?"

"Ile mzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Mansur alikuja juzi kuangalia mahali. Alisema, weka hii mbaya upande wa ukuta."

"Nawe ukasema, ndiyo ssebo, ndiyo bwana mkubwa."

"Mkono ulienda tu, Ruma. Ndiyo kazi yangu. Kila siku naweka ile mzuri mbele."

Rumaisa alicheka. Ni lini alianza kumpenda mtu huyu? Siku ya mkasi na ngozi? Siku ya chaki? Alimtazama sasa, mabega mapana, nyusi zilizokutana kwa aibu, mtu anayeweza kuinua injini kwa mnyororo na asiweze kuinua mkono apige hodi.

"Unajua kinachonishangaza?" alisema. "Yule ndani ni mwongo. Koti lake ni la uongo, gari lake ni la uongo, hata tabasamu amelikodi. Lakini amepiga hodi. Amekaa mbele ya mama yangu. Wewe uliye kweli, miezi yote hii, umekaa wapi? Nyuma ya ukuta na chaki."

"Mama yako alisema mimi ni nusu."

"Alisema. Nawe ukakubali, ukamletea mzima kwa gari lako mwenyewe."

"Nilifikiri labda ni bora kwako." Sasa sauti ya Oloya ilipanda. "Ona mimi. Ningeingia namna gani? Na ovaroli? Na hii Kiswahili ya kambi wanayocheka? Baba yangu msikiti, mama yangu kanisa, wataniuliza wewe unasali wapi, niseme nini?"

"Useme unaposali. Swali limeulizwa ili lijibiwe." Akavuta ushungi wake vizuri. "Mimi sikutaka gari, Oloya. Kama ningetaka gari ningelipenda gari. Nilitaka mtu apande zile ngazi. Ngazi zenyewe ni fupi, hata mbuzi wa jirani huzipanda."

Oloya alizitazama ngazi juu ya paa la gari.

Kutoka ndani sauti ya Ami Jibril ilisikika ikimwita. Rumaisa aligeuka kuondoka, kisha akasimama, akiwa amempa mgongo.

"Watanitaka jibu sasa hivi. Na unajua kwetu msichana akinyamaza, kimya chake huhesabiwa ndiyo. Jambo moja nikwambie, kwa sababu watu wa picha hamjui mambo ya watu. Mgeni wetu haachwi kwenye mkeka. Husindikizwa mpaka mlango wa gari, na sinia lake halirudi tupu. Mama atatoka, na Ami atatoka, watasimama pale kwenye ngazi, watalitazama gari hili mpaka lipotee. Watakachokiona, wewe ndiye utakayewaonyesha."

"Na kikombe?" Oloya aliuliza nyuma yake, kama mtu anayeshika ncha ya nguo. "Nirudishe wapi?"

"Vikombe vya bibi yangu vinarudi kwa mlango wa mbele," alisema Rumaisa, na akaenda zake.

*

Mtu atauliza, kwa nini hakumwambia mama yake tu? Angemwambia nini? Kwamba gari lile ni la bandia? Mama angeuliza, umejuaje? Na jibu lilikuwa Kansanga, kwenye yadi ya mafundi, siku aliyoaga kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa. Isitoshe, neno la msichana anayempenda mwingine halina uzito. Huonekana limetoka moyoni hata kama limetoka machoni. Kwa hiyo alingoja. Kungoja alikuwa anakujua.

Jikoni alilikuta sinia la wageni limeletwa ili litiwe cha kurudishia. Bi Ruqayya alikuwa ameshaandaa kashata na mtungi mdogo wa halua. Rumaisa aliviweka pembeni. Akafungua kabati mama yake alimoweka vya posa, akavitoa kimoja baada ya kingine, manukato, tende, hariri, kisanduku cha pete, akavipanga kwenye sinia kama vilivyokuja, wala hakuviharakisha. Akafunika kwa kile kitambaa cha kufuma. Halafu akala kashata moja, kwa sababu alikuwa na njaa.

Alipoingia sebuleni, Ami Jibril alimkalisha karibu naye.

"Mwanangu Rumaisa. Baba yako angekuwepo angekuuliza yeye. Ndugu yetu Mansur amekuja kwa njia, na shangazi yake. Unasemaje?"

Bi Ruqayya alimtazama binti yake. Macho yake yalisema: nyamaza, nyamaza tu, kimya kinatosha.

"Ami," alisema Rumaisa, "jibu langu nimeliweka kwenye sinia. Bi Nusura atalikuta."

"Ana haya," Bi Ruqayya alisema, uso umechanua. "Siku hizi wasichana wenye haya wameisha."

"Nzuri hiyo," Mansur alisema. "Nitaitumia." Akaunganisha vidole vyake vya gumba na vya shahada, akamweka Rumaisa katikati ya kidirisha kile, akafumba jicho moja. Mbele ya ami yake. Mbele ya mama yake. Rumaisa alimwangalia kwa subira, jinsi mtu anavyomwangalia jogoo aliyepanda juu ya meza.

Ami Jibril akainua mikono. Kila mtu akainua yake. Dua za Ami Jibril zilikuwa maarufu: huanza kwa waliopo, zikapita kwa wagonjwa, zikawafikia marehemu wa nyumba hii na ya jirani, na ukidhani zimekwisha hukumbuka wasafiri.

Alikuwa amefika kwa marehemu injini ilipowaka nje.

Mansur aligeuza shingo.

Gari likanguruma, gia ikalia kwa uchungu, magurudumu yakasaga changarawe. Likaondoka mlangoni. Mansur aliinuka nusu, mikono bado iko juu.

"Dereva anafanya nini?" alinong'ona.

"Shh," alisema shangazi yake. "Dua."

"Na uwarehemu," Ami Jibril aliendelea, macho yamefumbwa, "waliotutangulia katika ukoo huu, wanaume wao na wanawake wao."

"Amin," alisema Bi Ruqayya.

Sauti ya gari ilienda mpaka mwisho wa kichochoro, ikanyamaza, ikarudi. Jasho lilimtoka Mansur juu ya mdomo. Lakini nani atainuka katikati ya dua, siku ya posa, mbele ya mwalimu wa madrasa? Alikaa pale mikono imekingwa kama ya mwombaji, na kwa mara ya kwanza mchana huo hakuwa akiigiza. Gari likasimama. Mlango ukafungwa.

"Na uwafikishe salama wote walio safarini."

"Amin," alisema Rumaisa, na aliitikia kwa moyo wote.

Walipomaliza kujipangusa nyuso, Mansur alikuwa wa kwanza kusimama. "Msijisumbue kutoka, mama. Jua kali. Tutajipeleka wenyewe."

"Usiniaibishe, baba," alisema Bi Ruqayya. "Mgeni wangu ajipeleke? Rumaisa, lete sinia."

Wakatoka wote barazani, Ami na fimbo yake, Bi Ruqayya na sinia mikononi, Bi Nusura akijifunika vizuri, Rumaisa nyuma, na Mansur katikati akitembea kama mtu anayeingia majini.

Gari lilikuwa limegeuzwa. Pua yake ilitazama barabara kuu, na upande wake wa kulia ulitazama nyumba. Mabaka ya puti yalionekana moja moja mchana ule, kama ukoma. Nailoni ya dirishani ilipumua na upepo, ndani, nje, ndani, nje. Waya wa mlango ulikuwa na kutu. Na juu ya bati la kijivu, kwa herufi kubwa za chaki ambazo hata Ami Jibril asiye na miwani aliweza kuzisoma: KAMERA ISIJE HUKU.

Oloya alisimama kando ya mlango ule, mikono nyuma, kama askari wa zamu. Kama baba yake, Rumaisa aliwaza. Hakuwa amewahi kumwona amesimama hivyo.

Bi Nusura ndiye aliyesema kwanza.

"Mansur. Mimi nimekaa ndani ya nini?"

"Ni gari la kazi, shangazi. Langu liko gereji."

"Liko gereji," Bi Ruqayya alirudia polepole. "Nawe ungekaa huko huko gereji, baba, mkapona pamoja."

"Mama, haya ni mambo madogo, yanaelezeka." Mansur alimgeukia Oloya, na sauti yake nzuri ya televisheni ikapasuka. "Nani alikwambia ugeuze? Mjinga wewe, nani alikutuma?"

"Hakuna mtu alinituma," alisema Oloya. "Hii gari mimi ndiyo nilitengeneza. Najua pande yake zote mbili. Wenye nyumba pia wajue."

Akavuka ile nafasi fupi mpaka chini ya ngazi. Hapo akasita, na Rumaisa akashika nguzo ya baraza bila kujua ameishika. Panda, aliwaza. Ngazi moja tu, panda. Oloya akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

"Shikamoo, mama. Mimi naitwa Oloya."

"Oloya gani?"

"Wa Naguru."

Bi Ruqayya hakuitikia salamu. Alimtazama kijana kuanzia buti mpaka nywele, kisha akageuka akamtazama binti yake, na binti yake, kwa mara ya kwanza tangu jina lile litajwe katika nyumba ile, hakuinamisha macho. Kwa hiyo mama akajua mengi kwa pamoja, na akayaweka akiba. Hakuwa mwanamke wa kupigana na watu wawili kwa mkono mmoja. Akaanza na wa kwanza.

"Bi Nusura, dada yangu, wewe sina neno nawe," alisema. "Umekuja kwa heshima. Sinia lako hili."

Bi Nusura alilipokea, akafunua kitambaa. Manukato. Tende. Hariri. Kisanduku. Alivitazama vitu alivyovibeba mwenyewe muda mfupi uliopita, na hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyesikia jibu la haki.

"Halikurudi tupu," alisema. "Mmelelewa. Ahsante."

"Shangazi, panda twende," alisema Mansur.

"Mle? Mimi? Mtoto wa kaka yangu, nilidhani nimepakiwa, kumbe nimeigizishwa." Akaliweka sinia kiunoni na kuanza kushuka kichochoro kwa miguu, polepole, bila kugeuka nyuma. Mansur alibaki kati ya gari na ngazi. Aliutazama mlango wa mbao zilizochongwa kwa mara ya mwisho, hakika kwa huzuni zaidi kuliko alivyomtazama Rumaisa, kisha akamfuata shangazi yake, viatu vyake vilivyochongoka vikichota vumbi.

"Na wewe," Bi Ruqayya alisema.

Oloya alisimama wima zaidi.

"Usifikiri umeshinda. Ule uongo nani aliuunda?"

"Mimi, mama."

"Nani aliuendesha mpaka mlangoni kwangu?"

"Mimi, mama."

"Na ukakaa nje ukanywa chai yangu."

"Ndiyo, mama. Ilikuwa tamu."

Ami Jibril aliangalia upande mwingine na kuzishika ndevu zake.

"Ondoa hiki kitu mlangoni kwangu," alisema Bi Ruqayya.

Oloya aliinamisha kichwa, akarudi, akaingia garini. Kabla ya kufunga mlango alimtazama Rumaisa. Hakutabasamu wala hakupunga mkono. Alimtazama tu, kama alivyotazama siku ile ya ngozi nyekundu, ila safari hii hakujifanya anatazama kitu kingine. Rumaisa alitaka kuendelea kumdharau. Dharau aliiandaa vizuri, ilikuwa bado ya moto. Lakini aliona kikombe cha maua ya buluu kimekaa juu ya dashibodi, kimewekewa kitambaa safi chini yake kisiteleze, na gari likaondoka nacho.

*

Jioni, baada ya Magharibi, mama na binti waliosha vyombo.  Bi Ruqayya alivikausha vikombe vya mama yake kimoja kimoja, akavipanga kabatini, akarudi kuvipanga tena.

"Kimoja hakipo."

"Kimeondoka na dereva," alisema Rumaisa.

"Kikombe cha mama yangu? Kimekwenda Naguru?"

"Atakirudisha."

"Yule? Yule ana adabu hiyo?" Bi Ruqayya alitupa kitambaa begani. "Anajua hata kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu?"

"Amesikia leo, Mama. Bi Nusura alisema mbele yake."

Bi Ruqayya alifunga kabati. Alisimama pale na mkono juu ya kitasa kwa muda, akitazama mlango wa mbele, ule wa kuchongwa, kama anayeuona kwa mara ya kwanza baada ya kusifiwa na mjinga.

"Kale," alisema mwishowe, naye si mtu wa kusema neno hilo. "Akija, aje na mama yake. Na aje kwa miguu."